Kumtafuta wa Kusema Naye

Nimejifunza lugha nne katika maisha yangu. Kifipa nilikinyonya kwa mama, Kiswahili nilikipata shuleni na sokoni, Kiingereza kilinijia kwa fimbo, na lugha ya alama ya viziwi niliianza nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, hapa hapa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Kati ya hizo nne, ni hii ya mwisho iliyonitoa jasho, wala si kwa ugumu wake. Ilinitoa jasho kwa sababu sikuwa na mtu wa kusema naye.

Ndugu msomaji, mtu anayejifunza Kiingereza kijijini anaweza kusoma gazeti kwa sauti. Anaweza kusikiliza redio usiku. Anaweza hata kujisemesha mwenyewe njiani akienda shambani, na watu wakamcheka kidogo tu. Lugha ya alama haina redio, wala haiandikwi gazetini. Mikono yako inataka macho ya kuitazama na mikono mingine ya kuijibu. Ukikosa hiyo, ni kama kucheza bao peke yako. Nilijaribu mbele ya kioo cha kunyolea. Kioo kilirudia makosa yangu yote bila kunisahihisha hata moja.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa mwaka 1978 akiwa na masikio mazima. Alipotimiza miaka minne alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akawa hatambui watu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona chupuchupu. Tulichinja kuku, tukamshukuru Mungu, na wiki nzima ikapita bila mtu kugundua jambo. Kisha dada yangu akaanza kulalamika kwamba mtoto amekuwa jeuri: akiitwa haitiki, akikatazwa hasikii. Akamchapa. Dada yangu amenipa ruhusa ya kuliandika jambo hili, ila aliniomba nisilirembe, nami silirembi.

Maneno yalimtoka mtoto yule moja moja. La mwisho kubaki lilikuwa "dagaa", naye alilitamka "gaa" akiwaonyesha wavuvi kwa kidole. Alipofika miaka sita alikuwa kimya kabisa, na kijiji kikampa jina, Bubu. Nami nilimwita hivyo. Niliona ni jina kama majina mengine.

Habari za shule ya viziwi nilizipata Sumbawanga, nilipokwenda kufuata mshahara wa walimu. Shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Ya pili ni ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na ya tatu ikafunguliwa na Walutheri huko Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Maana yake ni kwamba mzee wetu mmoja hapa kijijini, mvuvi aliyezaliwa kiziwi, ambaye nitamweleza baadaye, alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku shule ya kwanza ilipofungua mlango wake. Kwake yeye shule hiyo haikuwa habari. Kwa mpwa wangu ilikuwa bado haijachelewa.

Mwaka 1987 nikampeleka Tabora. Wakati huo mtu wa Wampembe aliyetaka kwenda mbali aliingojea Liemba. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui, ikaopolewa mwaka 1924, na kuanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwetu haikuwa na gati. Ilitia nanga mbali kidogo na pwani, ikapiga honi, nasi tukaikimbilia kwa mitumbwi, tukisukumana na magunia ya dagaa na vikapu vya migebuka. Mtoto hakuisikia honi. Aliiona kwa watu, jinsi walivyoinuka wote kwa pamoja. Tulipita Kipili, Kirando, Karema, Ikola, karibu siku mbili, mpaka Kigoma. Kutoka Kigoma tukapanda garimoshi la usiku. Safari nzima sikumwambia neno, kwani ningelisema kwa nini? Nilimpa muhogo wa kuchoma akala. Nilimwonyesha chombo cha maji akanywa. Alfajiri, tukiwa chini ya miembe ya Tabora, nikamkabidhi kwa walimu, na aliponiona nageuka kuondoka akanishika suruali. Sikuwa na njia ya kumweleza kwamba Juni nitakuja kumchukua. Mtoto wa miaka tisa aliamini kwamba ametupwa, na mjomba wake alipanda garimoshi akimwacha aamini hivyo.

Basi miaka ikapita. Alirudi likizo, akaenda tena. Tulimwona anavyonenepa na kuchangamka, tukafurahi, tukadhani kazi yetu imekwisha.

Desemba 1990 alishuka melini na mwenzake, mvulana kiziwi wa upande wa Kasanga, ambaye alikaa kwetu siku chache kabla ya kuendelea na safari yake. Jioni ya kwanza niliwaona wameketi mchangani. Mikono yao ilikwenda kwa kasi kama ya mtu anayepeta mchele, na nyuso zao zilikuwa zinacheka, zinakunjana, zinashangaa. Sikuwahi kuuona uso wa mpwa wangu ukifanya mambo mengi namna ile. Nikaona pia kwamba kila yule mwenzake alipotaka kumwita, alipitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto. Mpwa wangu ana kovu hapo. Aliangukia ukingo wa mtumbwi alipokuwa mdogo. Nikaandika mchangani kwa kidole: "HII NINI?" nikaigiza ile alama. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima iwapo swali ni la kweli. Kisha akafuta maandishi yangu kwa kiganja, akaandika: "JINA LANGU."

Alikuwa na jina hilo tangu muhula wake wa kwanza. Wenzake bwenini walimpa, kama viziwi wanavyopeana majina, kwa alama ya umbo, au tabia, au kovu. Kwa karibu miaka minne mtoto wetu alikuwa na jina ambalo hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyelijua, na nyumbani tulikuwa tunamwita kwa jina ambalo hakuwahi kulisikia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza.

Alinifundisha kwanza alfabeti ya vidole. Hiyo niliishika kwa siku tatu, nikajiona bingwa. Nikawa namwandikia hewani kila kitu, herufi kwa herufi, M-I-G-E-B-U-K-A, naye anangoja. Aliyepata kumngojea mtoto wa darasa la kwanza akisoma sentensi anajua subira inayotakiwa. Siku ya nne alinishika mkono, akaukunja kwa upole, akaniwekea pajani. Halafu akaonyesha migebuka kwa alama moja tu, nusu sekunde, akaendelea na hadithi yake. Nilikuwa nadhani nasema lugha ya viziwi, kumbe nilikuwa naandika Kiswahili hewani. Lugha ya alama ina mpangilio wake. Uso ndiyo sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda ni swali, na mahali unapouweka mkono panaweza kuwa ndipo "yeye" au "kule" au "jana". Wataalamu wenyewe walichelewa kulikubali jambo hili. Ni mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu mwenye masikio yanayosikia katika Chuo cha Gallaudet huko Marekani, alipochapisha utafiti wa kuonyesha kwamba alama za viziwi ni lugha kamili. Wengi walimbeza. Kwa hiyo sikuona aibu sana kwamba mimi wa Wampembe nilichelewa miaka 30 zaidi.

Tabu ilikuwa kwamba mwalimu wangu alikuwapo Juni na Desemba tu. Alipoondoka niliandika alama zote katika daftari, kwa michoro ambayo hata mimi mwenyewe baada ya mwezi sikuitambua. Aliporudi nilikuwa nimesahau nusu, na nusu iliyobaki nimeigeuza.

Ndiyo maana kuanzia 1991 nikawa namsindikiza kila nilipopata nauli. Niligundua kwamba melini hatuna la kufanya isipokuwa kusemezana. Miaka mingi baadaye nilisoma kisa kilichonifanya niikumbuke sitaha ya Liemba. Mwaka 1815 kijana wa Kimarekani, Thomas Hopkins Gallaudet, alitumwa Ulaya kujifunza jinsi ya kufundisha viziwi, kwa ajili ya binti kiziwi wa jirani yake. Huko Paris ilikuwako shule iliyoanzishwa katika karne ya 18 na padre, Abbé de l'Épée. Inasimuliwa kwamba padre huyo aliwakuta mabinti wawili ndugu, wote viziwi, wakisemezana kwa mikono, akawa na busara ya kujifunza kwao badala ya kuwakataza. Gallaudet akamshawishi mmoja wa walimu wa shule hiyo, kiziwi aitwaye Laurent Clerc, aende naye Marekani. Walisafiri baharini siku 52 katika mwaka 1816. Siku zote hizo Clerc alimfundisha Gallaudet alama, na Gallaudet akamfundisha Clerc Kiingereza. Aprili 1817 wakafungua shule yao huko Hartford. Watu wakisimulia habari hii huitukuza shule. Mimi huwaza zile siku 52: watu wawili, hakuna pa kukimbilia, kila mmoja anamhitaji mwenziwe kwa ajili ya mikono yake. Mimi nilipewa siku mbili, kisha Kigoma ikatokea.

Mwaka ule wa 1991 nilikaa Tabora juma zima kwa ndugu yetu mmoja mjini, na kila jioni nikaruhusiwa kuketi uwanjani na wanafunzi. Nilikwenda na daftari langu kama mkaguzi. Watoto walinizunguka. Nikawasalimia kwa alama nilizoshona kwa uangalifu, wakatazamana, kisha wakaanguka kwa kicheko, kicheko chenye sauti kubwa, maana kiziwi hapimi sauti yake. Mpwa wangu akafunika uso. Baadaye nilielezwa kwamba niliwaambia kitu fulani juu ya choo. Lakini toka saa ile nilikuwa mali yao. Watoto wadogo ndio walimu bora wa lugha yoyote. Hawakuonei huruma, hawakusifu bure, nao hawachoki kukurudishia kosa lako mpaka uliache. Katika siku saba nilijifunza zaidi ya mwaka mzima wa daftari. Hapo pia ndipo nilipopewa jina: kupangusa bega la kulia kwa vidole, kama mtu anayekung'uta vumbi la chaki.

Nirudi sasa kwa yule mvuvi wetu mzee. Hakuwa na shule, hakujua herufi hata moja, na Kiswahili kwake kilikuwa midomo ya watu inayocheza. Lakini ziwani alikuwa na lugha. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku usio na mwezi, kwa mwanga wa karabai, na wenzake katika mtumbwi walikuwa wamezoea kumsemesha kwa mikono ndani ya mwanga ule. Vidole vikitetemeka kama mvua vilimaanisha dagaa wamepanda. Kiganja kikipasua hewa ni migebuka wanawafukuza. Mkono uliozungushwa nyuma ya kichwa ni upepo wa kusini, tukimbie. Wavuvi wengine waliniambia kwamba hata walipokuwa bila yeye walitumia alama zile, kwa sababu sauti usiku ziwani humfikia na yule usiyetaka ajue ulipo samaki. Na jina lake kwao lilikuwa kugusa sikio.

Nilimwendea mzee yule kwa matumaini makubwa. Nilijiambia, huyu hapa, kiziwi wa hapa hapa, nitakuwa nafanya naye mazoezi mpwa wangu akiwa shuleni! Nikamwonyesha alama zangu za Tabora. Akanitazama kwa adabu, akanikaribisha kuketi, akaniletea kiti cha pili kwa kudhani kwamba cha kwanza ndicho kinachonisumbua. Viziwi wawili si lazima wawe na lugha moja, kama vile Mfipa na Mmasai si lazima waelewane kwa kuwa wote wana ndimi. Nimesoma kwamba kuna kijiji cha Ghana, Adamorobe, ambako kwa vizazi vingi walizaliwa viziwi wengi, hata wanaosikia nao wakawa na lugha ya alama ya kijiji. Wampembe haikuwa hivyo. Hapa mzee alikuwa mmoja, na lugha yake ilikuwa ya mtumbwi mmoja.

Mwaka 1994 nilikwenda Dar es Salaam kwa semina ya walimu, na jioni nikawatafuta viziwi wa huko. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilikuwa kimekwisha kuundwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 ilitolewa kamusi ya lugha ya alama. Nilifika nikiwa na hamu ya kuonyesha nilivyojifunza. Nikaona alama nyingine nilizoletewa kutoka Tabora zinawafanya watabasamu. Mmoja akanieleza kwa subira, akichanganya alama na kalamu, kwamba kila shule iliota lugha yake: waliosoma Tabora, waliosoma Buguruni, waliosoma Mwanga, kila bweni na mikono yake, na kamusi ile ilikuwa sehemu ya kazi ya kuwakusanya wote pamoja.

Kwa nini iwe bweni, isiwe darasa? Hilo nilieleweshwa na fundi viatu mmoja kiziwi, mtu wa umri wangu. Shule zetu za mwanzo, kama nyingi duniani, zilifuata njia ya kumfundisha kiziwi kutamka na kusoma midomo. Njia hiyo ilipata nguvu Septemba 1880, huko Milan, Italia, katika mkutano wa walimu wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani. Wajumbe walikuwa 164, na kiziwi kati yao alikuwa mmoja. Wakapiga kura kwamba matamko ya mdomo ndiyo yawe njia bora, na alama ziachwe. Kura ile ilisafiri mbali. Ni mwaka 2010 tu, huko Vancouver, mkutano wa namna ile ile ulipotoa tamko la kusikitikia uamuzi wa Milan. Yule fundi hakujua habari za Milan. Alichojua ni kwamba katika shule aliyosoma, ambayo sitaitaja, aliyeonekana anatumia mikono darasani aliambiwa aikalie. Alinionyesha: akaketi juu ya viganja vyake, akanitazama, macho makavu. Halafu akaitoa, akaeleza jinsi usiku bwenini, taa zikiwa zimezimwa, walivyokuwa wanasogea dirishani penye mwezi ili waonane mikono. Hapo ndipo lugha ilipolelewa.

Alikuwako mtu aliyeiacha njia hiyo ya Milan, nami humtaja kila nipatapo nafasi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, alipoteza masikio akiwa na miaka 11 kwa homa ile ile ya uti wa mgongo iliyomkuta mpwa wangu. Mwaka 1954 alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu shahada katika Chuo cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi huko Accra, Ghana, na kabla hajafa alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, akifundisha kwa alama. Alikufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Mwezi huo mpwa wangu alikuwa anarudi kwa likizo yake ya Krismasi ya kwanza, na sisi tulimpokea kwa kumpungia tu.

Mpwa wangu alimaliza shule, akarudi Wampembe moja kwa moja. Nilifurahi. Nilijua sasa nimepata mtu wa kusema naye kila siku, bila kuhesabu miezi. Jioni baada ya kazi nilimwita barazani na kuanza somo langu. Alikuja, alijibu, alinisahihisha. Lakini nikaona anakonda kwa namna isiyo ya chakula. Alikuwa anavua na wenzake mchana, na kila Liemba ilipokuja alikuwa wa kwanza kuingia mtumbwini. Tulidhani ameanza biashara ya dagaa. Dada yangu alikuwa akimngoja aone faida.

Siku moja mwaka 1996 meli ilikuja ikaondoka kuelekea kusini, na yeye hakurudi. Usiku ulipoingia tukaanza kuuliza. Mwenye mtumbwi mmoja alisema alimwona anapanda ngazi ya meli. Mwingine alidhani alimwona majini. Wanawake walikusanyika kwa dada yangu. Vijana wakaburuta nyavu penye kina mpaka alfajiri. Siku ya tatu Liemba ilikuwa inarudi kutoka Mpulungu, Zambia, ikatia nanga, na kijana akashuka na wengine, mikono mitupu, uso unang'aa.

Nilikuwa nimeshika fimbo. Nasema kweli, nilikuwa nimeishika. Dada yangu ndiye aliyenizuia. Yeye alikuwa amekwisha kujifunza juu ya fimbo na masikio.

Usiku ule, kando ya taa, alinieleza. Hakuwa na biashara yoyote. Kila meli ilipokuja alipanda na kupita daraja la tatu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akitazama mikono ya abiria. Mara nyingi hakukuta kitu. Safari hii alimkuta kijana mmoja kiziwi aliyekuwa anakwenda Zambia, wakaanza kuzungumza, honi ikalia, na wote wawili hawakuisikia. Alipogundua kwamba meli inakwenda, alisema, hakujali. Nusu ya alama za yule kijana hakuzielewa. Za huko ni tofauti. Walizungumza siku nzima, na usiku mzima chini ya balbu ya sitaha.

Nikamwuliza, kwa alama zangu za kigugumizi: Na mimi je? Mimi si tunazungumza kila jioni?

Akafikiri kabla ya kujibu, maana ni mtu mwenye adabu. Akasema: Mjomba, wewe unafanya mazoezi.

Sikulala vizuri. Miaka sita nilikuwa nahangaika kutafuta mtu wa kufanya naye mazoezi, nikihesabu alama ninazozijua, na mtu aliyekuwa na njaa ya kusema alikuwa ameketi mbele yangu akinisaidia na somo langu. Mimi nikichoka, nilikuwa na kijiji kizima cha kuongea nacho. Yeye alikuwa na mimi, na meli.

Kesho yake sikumwita barazani. Nilimchukua tukaenda kwa yule mvuvi mzee. Sikuwa na mpango, nilitaka tu wakae. Saa ya kwanza ilikuwa ya kusikitisha. Kila mmoja alirusha alama zake zikaanguka chini. Kisha mpwa wangu akaacha alama za shule kabisa, akaanza kuigiza dhoruba: mtumbwi, upepo, karabai inazimika. Mzee akasimama. Akamwonyesha dhoruba yake mwenyewe, kubwa zaidi, ya zamani, na mtu aliyezama ndani yake, ambaye sisi wote tulijua kwamba alizama lakini hatukuwahi kujua namna. Mzee alikuwapo. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kuanzia hapo walikuwa pamoja kila jua likipungua. Kijana alimpa mzee jina jipya, la kuinua karabai usawa wa macho, kwa kuwa hakupenda lile la kugusa sikio. Watoto wa darasa langu la nne, kwa udadisi wao, wakaanza kwenda kuwatazama, na baada ya miezi michache nikakuta wanatumia alama darasani kupeana majibu ya hesabu nikiwa nimegeukia ubao. Niliwaadhibu? Niliwapa mwalimu. Ijumaa mchana mpwa wangu alikuja kuwafundisha chini ya mwembe, bila malipo na bila kibali cha mtu, na baadhi yao leo ni watu wazima wenye maduka na mitumbwi ambao wanaweza kumwuzia, kumtania na kugombana naye kwa mikono. Kugombana ndiko kulikomfurahisha zaidi. Mimi nikawa mmoja tu kati ya wengi, tena si katika wale hodari.

Mzee alifariki mwaka 2001. Makaburini wavuvi walipomaliza kufukia, mmoja wao aliinua mkono usawa wa macho, kama ameshika taa, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Padre alidhani ni desturi yetu ya kale.

Mambo ya sheria yamesogea tangu hapo. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na ya Kenya ya 2010 ikafanya hivyo pia. Kwetu ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 23 Septemba kuwa siku ya lugha za alama duniani, kuanzia 2018. Nayaheshimu haya yote. Lakini lililobadilisha maisha ya mpwa wangu ni simu yenye kamera. Mtandao hapa kwetu unapatikana vizuri juu ya kilima kidogo, njia ya kwenda Kitosi, na karibu kila jioni utamkuta hapo, simu ameiegemeza kwenye jiwe ili mikono yote miwili iwe huru. Huzungumza na wale wa bweni lake, ambao sasa wana watoto na wajukuu.

Juma lililopita nilipita hapo na fimbo yangu ya kutembelea. Akaniita, akanivuta mbele ya simu, akamwambia aliyekuwa ndani yake: huyu ndiye, akapangusa bega. Yule mtu, mwenye mvi kama mimi, akacheka sana, akasema jambo refu kwa mikono ya haraka, nami nikaona tu kwamba lilikuwamo neno choo.

Nikamwomba arudie polepole.